Sikula Biskuti

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama yake haijaanza kulia, Nyigu alikuwa ameshajitoa damu. Si damu nyingi. Tone moja tu, dogo kama kichwa cha pini, kutoka ubavuni mwa kidole. Aliligusisha kwenye kijiti cha kupimia, akasubiri mashine ndogo ifikirie, kisha akaiita namba kwa sauti ili mama aisikie kutoka chumba cha mbele. Baada ya namba, sindano. Baada ya sindano, kifungua kinywa. Utaratibu huo haukuwa na sikukuu wala likizo.

Nyigu halikuwa jina lake la cheti. Alipewa na baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye alisema binti huyu ukimwacha atulie hana neno na mtu, ila ukimchokoza bila sababu utafute mwenyewe pa kukimbilia.

Kisukari chake kilikuwa cha aina ya kwanza. Mwili wake ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, ambayo ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Hakuna peremende iliyomletea ugonjwa huo, na hakuna peremende ambayo angeiacha ugonjwa ukamtoka. Alipaswa kujidunga insulini leo, kesho na siku zote za maisha yake. Nyigu alikuwa amewaeleza watu jambo hilo hata ulimi ukaota sugu. Walimsikiliza kwa huruma, wakatikisa vichwa, halafu wakamwuliza, "Kwani ulikuwa unapenda sana sukari?"

Muhula mmoja alipasuliwa. Kidole tumbo kilivimba ghafla, akabebwa kutoka darasani akiwa amejikunja kama uduvi, na jioni hiyohiyo madaktari wakakiondoa. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari aliwaita yeye na mama yake.

"Mwili uliopasuliwa umepata mshtuko," aliwaambia. "Sukari hupanda kirahisi, na sukari ikipanda kidonda hakifungi. Mpime mara nyingi kuliko zamani. Asikose insulini hata siku ambayo hana hamu ya kula."

Mama aliusikiliza ushauri huo neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa alikuwa mshonaji, aliomba kuuona mshono. Aliutazama kwa muda, akainua uso. "Mkono wa daktari ni mzuri," alisema. "Ila uzi wake ungekuwa wangu, ningeurudisha dukani."

Muuguzi aliwakabidhi chupa mpya za insulini. "Zitunzeni mahali pa baridi," alisema, na tayari alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine.

Nyumbani, insulini ilizoea kukaa ndani ya mtungi wa udongo, kwenye kona ya chumba isiyofikiwa na jua. Haikuwahi kuharibika. Lakini shangazi yake Nyigu, dada wa baba, aliyeishi nyumba ya pili, alipokuja kumwona mgonjwa na kukuta mama anaufuta vumbi mtungi ule, aliweka mikono kiunoni.

"Wifi, mtungi?" alisema. "Mtoto katoka kupasuliwa tumbo, kapewa dawa mpya, halafu unaiweka kwenye mtungi kama maji ya kunawa? Muuguzi kasema nini?"

"Kasema mahali pa baridi."

"Basi. Katika ukoo huu nani anaijua baridi kuliko mimi?"

Swali hilo lilikuwa gumu kujibu. Shangazi aliuza barafu za juisi. Mbele ya mlango wake lilikuwapo friza kubwa jeupe lenye mfuniko mzito, na watoto wa shule walilizunguka kila mchana kama nzi wa embe. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kanuni moja: kitu kikipata baridi kinadumu, kikipata baridi kali kinadumu zaidi. Alizifunga chupa zote kwenye kitambaa safi, akaondoka nazo. Mama alimshukuru. Nyigu alikuwa amelala chumba cha ndani, tumbo linamvuta, hakusikia lolote.

Tangu siku hiyo shangazi alileta dawa mwenyewe, asubuhi na jioni. Aliileta ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, kwa sababu hakutaka sindano iingie baridi kwenye ngozi ya mtoto mgonjwa. Huo ulikuwa upendo wa kweli, na lazima usemwe, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji aufikirie vibaya moyo wa shangazi.

Namba, ambazo siku njema zilikaa chini ya kumi, zikaanza kupanda.

"Kumi na saba," Nyigu aliita asubuhi moja.

Cherehani ikanyamaza. "Rudia."

"Kumi na saba, mama."

"Jana kumi na tano, leo kumi na saba. Umejidunga jana usiku?"

"Nimejidunga. Ulikuwepo."

Shangazi akaingia na kikombe chake. Aliposikia namba, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye rafu ya vitambaa, chumba cha mbele, ambako palikuwa na kopo la biskuti. Mgeni mmoja asiyejua habari za kisukari alikuwa amelileta kumpa mgonjwa pole, na mama hakuwa na moyo wa kulikataa. Shangazi akalifungua, akalitikisa, akarudi nalo chumbani akiwa amelishika kama shahidi.

"Kopo hili lilijaa," alisema. "Leo naona kitako chake."

"Sikula biskuti," Nyigu alisema.

"Basi panya. Panya wa siku hizi wanafungua kifuniko, wanakula, wanafunga tena wasiingize sisimizi. Wana adabu."

"Shangazi, sikula. Daktari alisema mwili ukipasuliwa, sukari—"

"Daktari alisema, daktari alisema. Namba haina miguu, mwanangu. Haipandi mpaka ipandishwe."

"Mama, mwambie."

Mama alitazama kopo. Alimtazama bintiye. Kisha akasema maneno ambayo yalimchoma Nyigu kuliko kisu cha daktari, maana kwa kile cha daktari alikuwa amelazwa usingizi. "Kama umekula, sema tu. Sitakupiga."

Nyigu aligeukia ukuta. Ni jambo gani hili, mtu anaumwa, anajidunga mwenyewe bila kulia, anapima bila kukumbushwa, halafu neno lake linashindwa na kopo tupu? Angekuwa mtoto mwenye malaria, nani angemwuliza amemkaribisha mbu gani? Alikunja ngumi chini ya shuka mpaka kucha zikaacha alama.

Yangeishia ndani ya nyumba, pengine yangepoa. Lakini shangazi alikuwa na mdomo usiojua kupumzika na wateja wasiojua kuondoka. Mchana ule, akiwa anawatolea watoto wa shule barafu, aliwapa na mafundisho ya bure. "Someni kwa wenzenu. Binti wa kaka yangu katoka hospitali juzi tu, nyuzi bado zipo tumboni, na anaiba biskuti kwenye rafu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Habari iliyotoka kwenye friza lile haikuwa na baridi hata kidogo. Kesho yake jioni Miwani, msichana anayeketi dawati moja na Nyigu, alimletea kazi za darasani. Alikaa pembeni ya kitanda akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sema," Nyigu alimwambia. "Ukifuta mara ya tatu itatoboka."

"Shuleni wanakuita Biskuti."

"Nani?"

"Wote. Mmoja nimemchapa na begi."

"Kwa nini?"

"Kwa niaba yako. Wewe una nyuzi, huruhusiwi kurusha mkono."

Nyigu akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. Kisha Miwani akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini kweli hukula? Hata moja? Mimi siwezi kumwambia mtu."

Hata yeye. Nyigu aliyachukua madaftari, akamshukuru, akamwambia anataka kulala.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amekunywa maji usiku kucha na bado koo lilikuwa kavu kama karatasi ya msasa. Alipima. Kumi na tisa. Chumba cha mbele cherehani ilikuwa imesimama, mama anasubiri. Na nje alisikia ndala za shangazi zikiburuta kuja.

Alichoka. Alichoka kuwa mkweli asiyeaminiwa. Akafikiri, kama ukweli wangu na uongo vinapata malipo yaleyale, kwa nini nijisumbue?

"Nane," aliita.

"Nane?" Mama alikuja mbio mlangoni, uso umefunguka. "Alhamdulillahi. Nane."

Shangazi aliweka kikombe chini akapiga makofi. "Nilikwambia nini, wifi? Nimemkaripia, sukari imeshuka. Mtoto akikaripiwa anapona. Hii ndiyo dawa yenyewe, hizo nyingine ni maji tu." Akaondoka kwa furaha, na kabla hajafika kwenye friza lake alishamwambia jirani wa kwanza.

Nyigu alikaa kitandani na mashine ya kupimia mkononi. Alikuwa amedhani uongo utampa amani. Badala yake ulikuwa umemvisha taji aliyemsingizia. Sasa ulikuwepo ushahidi, na ushahidi huo ameutengeneza yeye: akikaripiwa haibi, namba inashuka. Hasira ilimpanda tena, lakini safari hii sehemu yake ilimgeukia mwenyewe.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Alipima upya mbele ya macho ya mama. Kumi na tisa.

Mama alikaa kitandani taratibu. "Umenidanganya namba."

"Nimekudanganya namba. Biskuti sikula."

"Sasa nishike lipi? Umeniambia uongo sasa hivi, kwa mdomo huohuo unaoniapia."

"Shika yote mawili, mama. Hilo la uongo nimelileta mwenyewe bila kuulizwa. Kama ningekula ningelileta na hilo." "Hutaki kuniamini, usiniamini. Nichunge. Leo nisitoke machoni pako. Dawa uichote wewe, unidunge wewe, nile kile utakachonipa kwa mkono wako. Halafu tupime tuone nani anaipandisha namba."

Mama hakuwa mwepesi wa maneno. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili ndipo akate. "Vaa sweta," alisema mwishowe. "Chumba cha mbele kuna upepo."

Nyigu alikalishwa kwenye kigoda kando ya cherehani. Mama alimpekua mifuko kama askari wa gereza, akachota insulini kwa kipimo alichoagizwa hospitalini, akamdunga. Akampikia yai na mboga na kipande chembamba cha mkate, akamwangalia akitafuna mpaka mwisho. Akarudi kwenye kazi yake. Kila alipofika mwisho wa pindo alimtupia jicho.

Kabla ya adhuhuri alikuja mteja kujaribu gauni lake. Mama alikuwa bado anapinda mkono wa gauni hilo, pini zimejaa mdomoni, akamwashiria asubiri. Mteja akaketi kwenye benchi, akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, kama mtu anayepapasa swichi ya taa chumbani kwake. Akafungua kopo. Akatoa biskuti.

Cherehani ilisimama.

"Unafanya nini?" mama aliuliza kupitia pini.

"Nasubiri."

"Biskuti hiyo."

"Ah, hizi? Si ndizo tunazokula siku zote tukikusubiri? Zimekaribia kwisha, utuletee nyingine. Juzi tulikuwa watatu hapa, tukalishughulikia kopo vizuri."

"Mbona sikuwaona?"

"Wewe ukiinamia cherehani, mwenzangu, hata nyumba ikibebwa huwezi kusikia."

Mama alimgeukia Nyigu. Nyigu alikuwa ameketi wima kwenye kigoda, mikono mapajani, akimtazama mama yake moja kwa moja kwa macho ya mtu anayesubiri haki yake. Mama alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. "Nisamehe," alisema.

Lakini aibu ya biskuti ilikuwa jambo dogo. Walipopima tena mchana, mashine ilionyesha ishirini na mbili. Hakuna kilichoingia mdomoni mwa Nyigu isipokuwa alichokipika mama, hakuna dawa iliyorukwa. Midomo yake ilikuwa imepauka, tumbo linachafuka, na aliposimama kwenda kutapika mama aliona doa la njano kwenye kitambaa kilichofunika mshono.

Mama hakumalizia gauni. Alimwambia mteja arudi siku nyingine, akafunga mlango.

Walipopita mbele ya friza, shangazi aliwaona akaelewa kuwa hali si nzuri. Naye akafunga biashara. "Nakuja," alisema. "Huko hospitali lazima mtu mzima akaseme ukweli. Ninyi mtamficha." Njiani alikuwa yeye aliyemshika Nyigu mkono asianguke, na yeye huyohuyo aliyekuwa akimwambia, "Ona sasa biskuti zilipokufikisha."

Mama alisema, "Wifi, nyamaza," kwa sauti ambayo shangazi hakuwahi kuisikia, na akanyamaza.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari aliwapokea haraka. Alipoona namba alikunja uso, na mkono wake ukaenda kutafuta mshipa, na mdomo ukaenda palepale inapokwenda midomo ya watu wote. "Umekula nini, binti?"

Shangazi akavuta pumzi aanze. Mama akamtangulia.

"Dada muuguzi, swali hilo tumeshalimaliza nyumbani. Leo mtoto huyu sikumtoa machoni. Nimemlisha mimi, nimemdunga mimi. Namba imepanda nikiitazama. Tafadhali uliza swali jingine."

Muuguzi aliinua macho. Huenda ilikuwa zamani tangu mtu amwambie hivyo. Alimtazama mama, akamtazama Nyigu, na akaliacha swali la kwanza.

"Haya," alisema. "Dawa mmekuja nayo?"

Mama alitoa chupa iliyoletwa na shangazi asubuhi ile. Muuguzi aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha taratibu. Nyigu alisogeza shingo. Ndani ya dawa zilielea chembechembe ndogo, na nyingine zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye kioo kama umande ulioganda.

"Inakaa wapi chupa hii?"

Hapo shangazi alipata nafasi yake. Alisogea, kifua mbele. "Kwangu. Mlisema mahali pa baridi, na mimi ndiyo kazi yangu. Inalala chini kabisa ya friza, pale barafu inaposhika haraka kuliko mahali pote. Kila ikitaka kutumika naiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu. Haijakosa baridi hata siku moja."

Kwenye korido toroli lilipita likilia gurudumu.

"Mama," muuguzi alimwambia shangazi kwa upole, "umewahi kugandisha yai?"

"Mara moja, kwa bahati mbaya."

"Likiyeyuka, linakuwa yai tena?"

Jibu lilikuwa linamshuka shangazi usoni.

"Insulini nayo ni hivyo. Inataka ubaridi, haitaki kuganda. Ikiganda inakufa, na ukiiyeyusha unakuwa umeiyeyusha maiti. Mtoto huyu amekuwa akijidunga dawa iliyokufa. Ndani ya mtungi ingekaa salama." Akaiweka chupa kwenye ndoo ya takataka. "Na sisi tuna sehemu yetu. Tulisema 'baridi,' hatukusema 'isigande.' Hilo nalibeba mimi."

Shangazi alikaa kwenye kiti. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti, na ghafla alionekana mdogo. "Nilikuwa namtunza," alisema, lakini hakujulikana anamwambia nani.

Nyigu aliwekewa dripu na insulini mpya. Daktari aliusafisha mshono, akamwambia mama kwamba wamefika wakati unaofaa. Wangengoja zaidi, sumu inayotengenezwa mwilini sukari inapokosa njia ingemfikisha pabaya. Kesho yake namba zilianza kushuka kwa adabu. Muuguzi alipokuja kubadilisha dripu, Nyigu alimweleza yote, pamoja na ile nane ya uongo.

"Ile nane imeniuma mimi kuliko wewe," muuguzi alimwambia. "Ukinipa namba ya uongo, namtibu mtu ambaye hayupo. Yule aliyepo anabaki anaumwa peke yake. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ila usiitumie kujidhuru, itumie kama ulivyomfanyia mama yako: mwonyeshe."

Aliporudi nyumbani, insulini ilirudi mtungini. Kidonda kilianza kujifunga. Shangazi alipita mlangoni kila siku, akaacha mayai, akaacha kitambaa kipya cha gauni, akauliza hali kwa kunong'ona na kuondoka. Kuhusu yaliyopita hakusema neno. Na kila mchana, watoto walipokusanyika kwenye friza, Nyigu alisikia mmoja au mwingine akiuliza, "Biskuti hajambo?" na wenzake wakicheka. Shangazi hakucheka, lakini pia hakuwakataza.

"Mama, hii si sawa," Nyigu alisema.

"Amejuta. Humwoni? Ni mtu mzima, tumsitiri. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwake. Mimi nikirudi shule bado ni mwizi." Nyigu alisimama. "Aliponisema hakunivuta pembeni, mama. Alinisema mbele ya watoto wa shule. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Mama alishusha mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Kumsema wifi yake mbele za watu kulikuwa kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika ndoa yake yote. Aliutazama mlango, akamtazama bintiye, akainuka na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni. "Nenda," alisema. "Niko nyuma yako. Na useme kwa adabu."

Watoto walikuwa wamejaa. Walipomwona Nyigu anakuja taratibu, mkono tumboni, wakaanza kusukumana viwiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka kitandani?"

"Nimekuja kuzungumza. Shangazi, la dawa nimekusamehe. Hukukusudia, ulinipenda. Lakini la kuniita mwizi ulilisema kwa makusudi, na hawa ndio waliolisikia. Mimi pia nina langu: siku moja nilidanganya namba, na nimeshakiri nyumbani na hospitali. Nakiri na hapa. Lakini biskuti sikula."

Mtoto mmoja akaguna. Shangazi alikuwa ameshika barafu mbili mkononi, zinaanza kudondosha juisi. Mtu angeweza kuuona ubishi ukimpanda hadi kooni: mtoto gani huyu anayemdai mtu mzima mbele ya wateja? Kisha akamwona mama, kimya, nyuma ya bintiye. Akazirudisha barafu ndani. Akafunga mfuniko, akaukalia.

"Leo hakuna anayenunua mpaka anisikilize," alisema. "Niliwaambia huyu anaiba biskuti. Niliongopa. Sikujua kuwa naongopa, lakini sikujisumbua kujua pia. Biskuti zililiwa na wateja wa mama yake. Sukari yake ilipanda kwa sababu mimi, kwa mikono yangu, niliigandisha dawa yake humu ndani, nikaiua. Nikaja kila siku kumlaumu kwa kosa langu." Alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Sikilizeni vizuri, na mkawaambie na wakubwa wenu. Mgonjwa akikwambia amefanya alivyoagizwa na bado anaumwa, mwamini kwanza, halafu kagua kila kitu: dawa, mashine, chakula, na wewe mwenyewe unayemtunza. Ukianza na lawama, utaacha kutafuta. Na mtu anaweza kufa nawe umekaa unahesabu biskuti."

Hakuna aliyecheka. Miwani, aliyekuwa nyuma ya kundi, alivua miwani yake. "Mimi nilimwuliza kama kweli hakula," alisema. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ulimchapa mtu na begi."

"Ni huyu hapa," Miwani alisema, na kijana mmoja akajipapasa sikio huku wenzake wakimcheka.

Wakati wa kupima ulikuwa umefika. Nyigu hakurudi ndani. Alitoa mashine mfukoni palepale, akajichoma kidole, na watoto wakasogea kutazama, wengine wakifumba jicho moja. Namba ikatokea.

"Kumi na mbili," alisema kwa sauti.

Ilikuwa juu kidogo. Shangazi aliisikia. Alifungua mdomo, akaufunga, akameza mate. Akashuka kutoka kwenye mfuniko wa friza, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nyigu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Tufanye nini?"